Mlima Uliotazamwa Kutoka Barabarani

Akala zangu za kwanza nilipimiwa Kariokor, Nairobi, na mzee mmoja aliyekuwa na jicho moja la kufanya kazi na jingine la kupumzika. Nilikuwa kijana, nimetoka magharibi na mfuko wa kitambaa, na viatu nilivyokuja navyo vilikuwa vya ndugu yangu mkubwa, soli imefungwa kwa kamba ya katani. Yule mzee akanitandikia kipande cha tairi chini, akaniambia nisimame juu yake, akachukua chaki azungushe miguu yangu. Sasa siku hiyo nilikuwa nimetembea kutoka mbali na kisigino cha kushoto kilikuwa na lengelenge. Nikakiinua. Kidogo tu, hata sisimizi angeinama kupita chini yake. Mzee akazungusha chaki, akakata, akapigilia misumari. Nilipovaa, ya kulia ikakaa kama nilizaliwa nayo. Ya kushoto ilikuwa fupi, kisigino kinaning'inia nje kama mguu wa mgeni kwenye kitanda cha mtoto.

"Mzee, umenikata vibaya," nikamwambia.

"Mimi hufuata chaki," akasema bila kuniangalia. "Wewe ulisimama namna gani?"

Nilizivaa miaka miwili hivyo hivyo. Mke wangu, ambaye wakati huo hakuwa mke wangu bado, anasema mgongo wangu uliharibiwa na akala ile ya kushoto, kwamba nilitembea nikiegemea upande mmoja mpaka mifupa ikazoea. Mimi nasema mgongo uliharibiwa na mbao. Tumebishana jambo hili tangu tulipohamia Shauri Moyo, na nadhani atanizika akiwa bado anabisha.

Mbao nilizibeba Gikomba. Lori likifika, sisi wabebaji tunapanga foleni, unawekewa mbao begani juu ya gunia lililokunjwa, unaingia nazo ndani, unazitua, unarudi. Hiyo ndiyo kazi. Haina siri na haina mwisho. Lakini mimi nilikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzangu: kila mbao nilikuwa naigeuza kwanza na kuiangalia mafundo yake. Mbao yenye mafundo mengi makubwa ni ya mti uliokua pembeni mwa msitu, maana huko jua linapiga na matawi yanatoka mpaka chini. Mbao safi, laini, ni ya mti wa katikati, uliosongamana na wenzake ukapanda juu kutafuta mwanga bila matawi. Haya sikuyasoma. Darasa langu ni la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Niliyajua kwa sababu miti ile ya saiprasi tuliipanda sisi wenyewe, mimi na ndugu yangu, tukiwa wadogo.

Wakati ule baba alikuwa kibarua wa msitu. Vibarua walikuwa wanapewa kipande cha msitu kilichokatwa, wanalima mahindi hapo, na katikati ya mahindi wanapanda miche ya miti. Miche ikiwa mirefu kushinda mahindi, unahamishwa kipande kingine. Mlima wote wa kwetu tuliupanda namna hiyo, kipande kwa kipande. Ndugu yangu alichimba shimo, mimi niliweka mche, yeye akakanyaga udongo. Mimi nilikuwa mwepesi mno, nikikanyaga udongo haushiki.

Basi mgongo ulikataa katikati ya miaka ya tisini. Haukukataa ghafla. Ulikataa kama mwenye nyumba anavyokukataa, leo neno moja, kesho neno moja, mpaka siku unakuta kufuli. Asubuhi mke wangu alikuwa ananivuta kutoka kitandani kwa mikono miwili, na nilipofika Gikomba nilikuwa tayari nimechoka kama mtu anayerudi.

Siku moja akaja mtu wa tai pale kwenye mbao. Hakutaka kununua. Alikuwa anauliza kama kuna mtu anayejua saiprasi za upande wa magharibi. Mwenye mbao akanionyesha kwa kidole. "Muulize huyo. Huyo husalimia mbao kabla ya kuibeba."

Wakacheka wote. Mtu wa tai hakucheka. Akanipa kipande cha ubao, akaniuliza naona nini. Nikamwambia huu ni wa pembeni, upande wa jua la jioni, na mwaka fulani ulipokuwa mchanga ulikosa mvua. Akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamtajia mlima wetu. Akasema, "Mzee, mlima huo ninao ofisini."

Nikajua ni kichaa mwenye tai.

Ofisi ilikuwa Kariobangi, ghorofa ya pili, juu ya karakana za jua kali ambako vijana walikuwa wakigonga masufuria na masanduku ya bati kuanzia asubuhi. Humo ndani kulikuwa na mwenye ofisi, ndiye yule wa tai, na binti mmoja aliyekuwa ametoka chuo. Kulikuwa pia na kompyuta kubwa ya rangi ya maziwa yaliyolala. Binti alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kufuma alichopewa na mama yake, kama vile tunavyofunika redio nyumbani, kwa sababu ya vumbi la vyuma.

"Sasa mzee," akanisalimia.

"Mzuri, binti yangu."

"Karibu. Kaa hapo."

Hapo palikuwa na kiti. Nitakieleza kiti hicho, na mwenye haraka aruke. Kilikuwa na godoro, na mgongo wa kuegemea ulioingia pale pale panaponiuma, na magurudumu matano chini. Nilikikalia kwa ncha ya makalio nikiogopa kitakimbia. Kisha nikaegemea. Nakwambia ukweli, machozi yalinilenga. Nilikuwa nimefika miaka hamsini na kitu bila kukaa kwenye kitu kilichotengenezwa na mtu aliyefikiria mgongo.

Binti akafunua kitambaa, akawasha. Kwenye kioo kukatokea mistari, kama wavu wa goli uliotupwa juu ya mawe. "Huu ndio mlima wenu," akasema. "Nimeuchora kutoka kwa ramani. Hauna miti bado."

Nikautazama. Ulikuwa uchi kama siku ulipoumbwa. Lakini bega lake la kushoto nililijua, na lile bonde ambalo mbuzi wetu alivunjikia mguu nililijua. Nikanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo, binti akakifuta kioo taratibu bila kunigombeza.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miti ilikuwa imekomaa na ilitakiwa ikatwe, na mimi sikuwa na ubishi na hilo. Saiprasi hupandwa ili ikatwe, si mtoto wa mtu. Swali lilikuwa itakatwa namna gani. Unaweza kufyeka yote kwa mara moja. Unaweza kukata kwa vipande, hapa unakata, pale unaacha. Unaweza kupunguza tu, mmoja mmoja. Watu wa nyumbani walikuwa wamesema kwenye baraza kwamba hawatakubali lolote mpaka waone mlima wao utafanana vipi baadaye, kwa sababu mlima ule ndio uso wa lokesheni yetu. Hata wimbo wa kutoa bibi arusi unautaja. Tena kulikuwa na habari ya kujenga nyumba ya wageni kando ya barabara, kwa watu wanaolipa ili watazame milima. Kwa hiyo kampuni ya mbao ikampa mwenye ofisi kazi: kompyuta ichore mlima ulivyo, kisha ichore utakavyokuwa ukikatwa hivi au vile, baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano, baada ya ishirini. Watu watazame picha, wachague, watie dole gumba.

Kazi yangu ilikuwa kusema mti unafananaje. Kazi ya kukaa na kusema. Binti alikuwa amepanda miti yake ndani ya kompyuta, yote imelingana kama askari wa gwaride. Nikamwambia hapana, binti yangu. Ya pembeni ina sketi mpaka chini, ya ndani iko uchi mpaka kichwani. Ukikata ya pembeni, hiyo ya ndani itabaki imesimama kama mafagio yaliyogeuzwa. Akaandika. Nikamwambia kisiki mwaka wa kwanza ni chekundu, wa pili kijivu, wa tatu kimemezwa na magugu. Mche uliopandwa leo utakufikia goti baada ya mvua mbili, bega baada ya mvua nne. Wakati wa kiangazi kijani cha saiprasi kinaingia weusi. Akaandika yote. Siku nyingine aliniambia, "Mzee, wewe ni kitabu," nami nikamwambia kitabu kilichonyeshewa.

Ile kompyuta ilikuwa ya polepole. Ukishaipa kazi ya kuchora, inaanza asubuhi, inachora mstari mmoja juu, inapumzika, inachora mwingine chini yake. Mbingu kwanza. Tunakunywa chai, bado ni mbingu. Saa sita inatokea ncha ya mlima. Saa tisa tunafika kwenye miti. Na stima ikipotea, ambayo siku zile ilikuwa ikipotea kama mume mlevi, kila kitu kinafutika tunaanza tena na mbingu. Nimeitazama mbingu ile kuliko mbingu ya kweli. Nilikuwa nasinzia kwenye kiti changu na sauti za nyundo zinapanda kutoka chini, nikiamka nautazama mlima wetu ukijichora kichwa mbele, na nilijisikia kama mtu ambaye mwishowe ameruhusiwa kupumzika.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Siku ya pili au ya tatu pale ofisini, mwenye ofisi aliniuliza, "Mzee, mlima huu mtu akitaka kuuona vizuri, asimame wapi? Mashine lazima iambiwe mahali pa kusimama."

Na mimi nikajibu bila kufikiri, kwa furaha, "Pale sokoni barabarani, basi linaposhusha watu."

Utauliza kwa nini. Sisi tuliokuja Nairobi kutafuta kazi tunarudi nyumbani Krismasi, na mazishi yakitokea. Umesafiri usiku kucha na mkate na sukari mapajani. Alfajiri basi linakata kona pale sokoni, na mlima unasimama mbele yako wote, mweusi, umevaa ukungu kiunoni. Abiria wote wa kwetu wananyamaza. Hata walevi. Kwa miaka thelathini mlima wetu kwangu ulikuwa ni huo, wa dakika tano za dirishani. Muulize mtu yeyote wa Shauri Moyo au Makongeni kwao kunafananaje, atakueleza kunavyoonekana kutoka kwenye basi. Ukiishi mbali na kwenu, unakujua kwa mbele tu.

Ndugu yangu anaishi nyuma ya mlima.

Boma lake liko upande wa pili, chini ya mteremko, na chemchemi inayowanywesha yeye na majirani inatoka kwenye mizizi ya vile vipande vya mwisho tulivyopanda, yeye akikanyaga udongo. Nilizaliwa huko. Sikukumbuka. Niliulizwa mlima unaonekana wapi vizuri, nikataja kituo cha basi.

Mashine ikasimama nilipoiambia. Na kukata kuliko­pendwa na wenye kampuni ya mbao kulikuwa hivi: ukanda wa miti unaachwa upande wote wa barabara, mnene, na sketi zake mpaka chini, kisha nyuma ya ukanda unafyeka unavyotaka. Picha ilipotoka ilikuwa nzuri mno. Mlima ulivyo, na mlima baada ya kukatwa, ukiziweka kando kando hungejua ipi ni ipi. Mwenye ofisi alishangilia. Mimi pia nilishangilia, nikijua sketi zile nilizishona mimi.

Ni binti aliyeniamsha. Mwenye ofisi alikuwa amesafiri kwenda mkutano, tumebaki wawili. Akaniuliza kama nina watu bado huko. Nikamwambia ndugu yangu, nyuma. Akaniuliza, "Nyuma wapi?" Nikamwonyesha kwenye ule wavu. Akatazama kidole changu muda mrefu.

"Mzee, tusimame hapo tuone?"

"Inawezekana?"

"Mashine haijali itasimama wapi. Sisi ndio tunajali."

Ilichukua siku mbili, kwa sababu ya stima. Mbingu. Mbingu. Siku ya pili, baada ya chai ya saa kumi, ikaanza kushuka. Ncha ya mlima ilikuwa kijivu. Nikasema ngoja, miti iko chini kidogo. Ikashuka tena, kijivu. Visiki, kama ndevu za maiti. Kwenye ukingo ile miti ya ndani imesimama kama mafagio, nilivyomfundisha mwenyewe. Mpaka chini kabisa, pale chemchemi ilipo, hakuna kitu. Binti akaichapa kwenye printa, karatasi moja, ikatoka taratibu na mistari ya wino. Akaikunja mara nne, akanipa.

"Mimi nikisema nitafutwa, na nina mama," akasema. "Wewe mzee watakuuliza. Watu wako watakuja kutazama picha, watakuuliza wewe. Utawaambia, si ndiyo?"

"Nitawaambia."

Nikaitia mfuko wa ndani wa koti.

Nikalala nayo, nikaamka nayo. Kila siku nilisema leo nitamwambia mwenye ofisi, na kila siku niliketi kwenye kile kiti, na mgongo ukanyamaza, nami nikanyamaza pamoja nao. Siku moja nilijaribu. Nikamwambia, "Bwana, kuna watu pia upande wa nyuma." Akaniambia bila ubaya, "Mzee, mahali pa kusimama ulichagua wewe, imeandikwa hivyo kwenye ripoti: pamechaguliwa na mwenyeji. Tukianza kubadilisha sasa, waliotupa kazi watauliza tulikuwa tunafanya nini mwaka mzima, na tutafunga hapa wote." Akaniongezea chai.

Wazee watatu walitumwa kutoka nyumbani, na mmoja wao alikuwa ndugu yangu. Walimchagua yeye, nilisikia baadaye, kwa sababu mdogo wake anafanya kazi ndani ya ile mashine. Walishuka kwenye basi asubuhi, wakaja kwangu. Chumba changu kilikuwa kimoja na pazia katikati. Ndugu yangu alileta njugu, mkungu wa ndizi, na kuku mwekundu aliyekuwa amesafiri miguu imefungwa na bado ana kiburi.

"Umenenepa," akaniambia.

"Ni kukaa."

"Kukaa kunalipwa siku hizi? Nairobi kweli ni Nairobi." Akawageukia wenzake. "Mnamwona huyu? Mahindi yalikuwa yanamshinda urefu. Nikichimba shimo naangalia asiingie yeye badala ya mche."

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mke wangu alipika yule kuku. Kwetu firigisi ni ya mkubwa wa nyumba, na baba akishakufa mkubwa ni ndugu yako mkubwa, hata kama nyumba ni yako. Mke wangu akaiweka mbele yake kwenye kisahani peke yake. Akaichukua, akaikata katikati kwa kisu, nusu akanipa mimi. Hajawahi kufanya hivyo. Niliitafuna muda mrefu. Koti lilikuwa kwenye msumari nyuma yake, karatasi imo ndani.

Nasema mapema ili usihangaike: mlima ulikatwa. Ukanda wa barabarani upo hadi leo na ni mzuri, watu hupigia picha. Chemchemi ilianza kutoa tope mvua ya kwanza, kisha ikaacha hata tope. Ndugu yangu alisimama barazani akasema walionyeshwa upande mmoja, na akasomewa karatasi yenye dole lake. Hayo niliyasikia kwa watu.

Kesho yake tukaenda Kariobangi. Wazee walipanda ngazi kwa kushikana. Binti aliwasalimia kwa mikono miwili, akafunua kitambaa, picha zikatokea, na zile kubwa za karatasi zilikuwa ukutani. Mzee wa kwanza alipouona mlima ndani ya kioo alivua kofia. Wa pili aliuliza kama mvua inanyesha humo ndani. Mwenye ofisi akawaeleza vizuri, kwa heshima, huu ni wa leo, huu ni wa baada ya kukata, huu ni wa baada ya miaka mitano. Wakasifu. Wakasema kumbe si vibaya.

Ndugu yangu alisogea karibu, akainama, mikono nyuma.

"Hapa ni sokoni," akasema.

"Ndiyo mzee."

"Na kwangu ni wapi?"

"Kwako ni nyuma, mzee," mwenye ofisi akamwambia. "Nyuma ya mlima. Picha haiwezi kuonyesha mbele na nyuma pamoja."

Ndugu yangu akafikiri. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho. Nilikuwa kwenye kiti. Sikusimama, na hilo nalikumbuka kuliko mengine yote, kwamba aliongea nami nimekaa.

"Huyu mdogo wangu ameishi na picha hizi mwaka mzima," akawaambia wenzake. Kisha akaniambia mimi, "Mimi sijui mashine. Wewe unajua. Umeona yote. Ni sawa?"

Binti alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja kile kitambaa, anakikunjua.

Ningeweza kusema niliogopa, lakini siyo. Nilikuwa nimechoka. Niliona Gikomba, gunia begani, lori linarudi nyuma, mke wangu ananivuta kwa mikono miwili. Niliona nikieleza, na maswali, na ripoti, na kupiga kelele, na mbingu kuchorwa upya. Uchovu ukaniziba mdomo kisha ukanifungulia kwa neno dogo.

"Ni sawa," nikasema.

"Basi," akasema ndugu yangu.

Wakatia dole gumba, mmoja baada ya mwingine, yeye wa mwisho. Alibonyeza kwa nguvu, polepole, vile alivyokuwa akikanyaga udongo wa mche. Binti akawapa karatasi ya kufutia wino. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye ngazi mpaka tulipoondoka, na hakuniaga.

Jioni basi lao lilikuwa linaondoka. Kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Unamsindikiza mpaka mahali ambapo ukigeuka huwezi kusikia nyumba yako. Kwa hiyo tukatoka Shauri Moyo kwa miguu kuelekea stendi, wale wazee wawili wametangulia wakibishana kuhusu ile mvua ya ndani ya kioo, mimi na ndugu yangu nyuma. Tulipita kwenye mbao. Wabebaji wenzangu wa zamani walikuwa wanafunga, wakanipigia kelele, "Bosi! Bosi wa kiti!" Ndugu yangu akacheka. Akaniambia baba angefurahi. Akaniambia nije Krismasi, nisishukie sokoni, nipitilize mpaka njia ya nyuma, amepanda ndizi mpya nizione.

Sikuweza kutembea tena. Nikasimama pale kando ya mtaro, mikokoteni inapita, nikatia mkono ndani ya koti nikampa ile karatasi.

Akaikunjua. Kulikuwa bado na mwanga wa kutosha. Alianza juu, kwenye mbingu, akashuka kidogo kidogo kama mashine yenyewe. Alipofika chini, pale chemchemi ilipo, akaweka kidole. Wino wa dole gumba ulikuwa haujatoka wote.

"Hapa ni kwangu."

"Ndiyo."

"Hii ilichorwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Ulikuwa nayo wapi?"

Nikagusa koti.

"Jana pia? Tukila?"

"Jana pia."

"Na leo, nilipokuuliza?"

Hakungoja jibu. Akaikunja mara nne, kwenye mikunjo ile ile, akainyoosha kwa kiganja, akanirudishia.

"Mkubwa," nikamwambia, "ngoja nikusindikize, tuzungumze njiani."

"Rudi," akasema. "Nimefika."

Hakuwa amefika. Stendi ilikuwa bado mbali. Akaupachika mfuko wake begani, akangoja mkokoteni mmoja upite, akavuka barabara akiwafuata wenzake, hakuharakisha wala hakugeuka, na nyumbani kwangu hakukanyaga tena.